Jina Langu Mbona Halipo? Maswali ya wanaochangia historia ya bustani za burudani

Barua za safari hii zimetoka kwa kundi dogo ambalo sikujua lina ugomvi mwingi kiasi hiki: watu wanaowasaidia mashabiki kukusanya historia ya bustani kubwa za burudani za Marekani. Hakuna anayelipwa. Mmoja analeta picha za familia, mwingine tiketi za zamani, mwingine anakesha akiandika kivutio kipi kilifunguliwa lini na kikabomolewa lini. Kazi yenyewe si ya mchezo. Jengo la Horizons pale EPCOT, bustani ya kampuni ya Disney huko Florida, lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1983, likafungwa Januari 1999, kisha likavunjwa. Leo ukitaka kujua ndani kulikuwaje, sehemu kubwa utaipata kwenye picha na video za watu waliokwenda kutembea tu.

Dada, niliwahi kufanya kazi Florida. Nimewatafsiria mashabiki mabango ya Kiswahili ya kijiji cha Harambe na kuwaeleza maana yake. Mwisho wa makala wameandika "Shukrani kwa wote waliosaidia". Nikilalamika nitaonekana mroho? (Msomaji, Tanga)

Lalamika, kaka, ila kwa adabu. "Shukrani kwa wote" ni sawa na kusifu pilau ya harusi halafu mpishi asitajwe.

Kwa wasioijua, Harambe ni kijiji cha kubuni ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri hadi Afrika Mashariki, na majengo ya kijiji hicho yanafuata sura ya mji wa Lamu. Pale pale pameandikwa "Uhuru 1961". Shabiki wa Ohio akipita anaona pambo. Mswahili akipita anasimama. Lamu si iko Kenya? Na Kenya si ilipata uhuru Desemba 1963? Mwaka 1961 ni wa Tanganyika. Kumbe wabunifu wamekipa kijiji uhuru wake chenyewe, kuta za Lamu na mwaka wa Dar es Salaam. Aliyewaeleza mashabiki jambo hilo amefanya utafiti, na utafiti una mwenyewe.

Waombe waandike hivi chini ya kila bango, si mwisho wa makala: "Tafsiri na maelezo", kisha jina lako na mwaka. Neno "tafsiri" peke yake halitoshi, kwa sababu litakupunja ile nusu iliyo ngumu zaidi. Lakini nawe usizidishe. Maelezo marefu uliyoyaandika ni kazi yako hata kisheria. Kugeuza "karibu" kwa Kiingereza hakukupi umiliki wa kitu.

Shikamoo dada. Nilinunua boksi la slaidi (zile picha ndogo za filamu zenye fremu ya karatasi ngumu) za Disney World kwenye mauzo ya vitu vya marehemu hapa Minnesota. Jalada la mashabiki, yaani hifadhi yao ya kumbukumbu, linazitaka. Waandike jina langu? (Msomaji, Minneapolis)

Marahaba. Waliandike, ila mahali pake. Wewe ni mwenye boksi, hukupiga picha. Kununua slaidi si kununua hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani hakimiliki hubaki kwa mpiga picha, au kwa warithi wake akishafariki. Maelezo sahihi yana vipande vitatu: mpiga picha hajulikani, slaidi ni za mkusanyo wa fulani, zimeskaniwa na fulani. Ukiruka kile kipande cha kwanza, baada ya miaka mitano mtu atasema wewe ndiye uliyesimama pale na kamera mwaka 1972, na huenda wakati huo hujazaliwa.

Kabla hujazitoa, zitazame moja moja. Chukua slaidi, igeuze, usome pambizo ya karatasi ngumu. Mara nyingi utakuta mwezi na mwaka vimegongwa, mathalani "JUN 72". Huo ni mwezi filamu iliposafishwa, si lazima uwe mwezi wa kupiga picha. Watu walikaa na filamu ndani ya kamera tangu Krismasi mpaka kiangazi. Soma pia mwandiko wa kalamu kama upo. Na usiitupe bahasha ya maabara hata kama imechanika, maana jina la mteja huandikwa hapo, na mteja huyo mara nyingi ndiye mpiga picha unayemtafuta. Ukilipata, watafute ndugu zake kimya kimya kwanza, ndipo jina litangazwe.

Niliwahi kuwa mfanyakazi wa bustani moja. Nina picha nzuri lakini sitaki jina langu lionekane. (Hakutaja mahali, na sishangai)

Tumia jina la kupanga, lile lile siku zote. Mtunzaji mmoja tu alijue jina lako halisi, aliweke kando. Kama picha ulizipiga mahali ulipokatazwa kupiga, hilo ni suala lingine, na jina la kupanga halitakukinga.

Nimeskani ramani ya Disneyland ya mwaka 1958 kwa saa nne nzima, nikaunganisha vipande na kusafisha mikunjo. Sasa naiona kila mahali bila jina langu. Huu si wizi? (Msomaji, Nairobi)

Pole kwa saa nne. Lakini ngoja nikuulize, ndugu yangu: ulipoitoa ramani hiyo uliandika jina la aliyeichora? Ramani ya ukumbusho ya Disneyland ya mwaka 1958 ilichorwa na Sam McKim. Nimeona nakala nyingi zenye jina la aliyeskani kwa herufi kubwa pembeni, na McKim hayupo kabisa. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu kutajwa ndio hao hao, samahani kama nakugusa.

Kisheria huna mkono mrefu. Mwaka 1999 mahakama ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, iliamua kwamba nakala inayofuata mchoro bapa kama ulivyo haizai hakimiliki mpya, hata kama aliyeitengeneza ametumia ustadi na jasho. Kwa hiyo usiseme wizi. Sema hujatendewa haki, kwa sababu aliyechukua kazi yako alijua alikoitoa. Mwandikie aweke: "Mchoro: Sam McKim. Skani na usafishaji", kisha jina lako. Wengi hukubali. Na tafadhali usigonge jina lako katikati ya ramani, utawanyima watu kusoma vivutio.

Ninatunza jalada dogo. Nimegundua picha thelathini zina jina la mtu asiyezipiga. Nibadilishe tu kimya kimya? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Hili lilinikuta mwenyewe. Mzee mmoja alinipa albamu ya safari ya familia, nikaandika jina lake chini ya kila picha, naye akaridhika. Mwaka mmoja baadaye binti yake akanipigia simu, sauti imetulia kabisa: "Shangazi, umeziangalia hizo picha?" Nikazifungua. Baba kwenye mashua. Baba na koni ya aiskrimu. Baba na watoto mbele ya kasri, anakunja uso kwa jua, na kwenye lami chini ya miguu yao kuna kivuli cha mwanamke ameinua mikono usawa wa uso. Mama ndiye aliyekuwa na kamera siku zote tatu, na kilichobaki kwake katika albamu nzima ni kivuli kile.

Nilibadilisha jina, na chini yake nikaandika tarehe ya sahihisho na jina lililokuwapo awali. Ukibadilisha kimya kimya, nakala zilizokwisha kusambaa zitabaki na jina la zamani na hakuna atakayejua lipi ni sahihi. Kisha mwandikie kila aliyehusika, hata yule aliyepewa sifa isiyo yake. Mzee wangu alicheka. Wako huenda asicheke.

Jalada letu linaendeshwa na mtu mmoja, naye ni mgonjwa. Majina yetu yatakwenda wapi? (Msomaji, Muscat)

Mwombeeni afya, na wakati huo huo nakilini kila kitu. Huduma ya GeoCities, ambako watu waliweka kurasa zao za mtandaoni bure, ilipofungwa mwaka 2009, kurasa nyingi za mashabiki zilipotea zikiwa na picha na majina pamoja. Kosa la kawaida ni kuweka majina kwenye orodha moja mbali na picha zenyewe. Yaandikeni ndani ya faili: programu nyingi za picha zina nafasi za mwandishi, hakimiliki na maelezo. Ila mitandao mingi ya kijamii huyafuta hayo picha inapopandishwa, kwa hiyo jina liwe pia kwenye jina la faili. Nakala moja ikae kwa mtu wa nchi nyingine. Mimi za kwangu nimeandika na kwenye maboksi ya slaidi, kwa penseli, maana wino huchuja.