Sanamu za mababu kutoka Hunan: anza na mgongo

Ukikabidhiwa sanamu ya mti uiandikie kadi ya maelezo, nayo imetoka kati ya mkoa wa Hunan, China, pande za Xinhua au Anhua, usihangaike kwanza na uso. Igeuze. Mgongoni utaona kipande cha mti kilichochomekwa kama kizibo, na nyuma yake kuna shimo. Kazi yako imo humo.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki huja na macho yaliyozoea vinyago vya Wamakonde: tunatafuta mkono wa fundi. Hizi hazikuchongwa zisifiwe. Nyingi hazizidi shibiri moja na nusu kwa urefu, zimekaa miaka mingi kwenye madhabahu ya nyumbani na kuwa nyeusi kwa moshi wa ubani. Tena si desturi ya China nzima. Sehemu nyingi huko babu hukumbukwa kwa kibao chenye jina lake, hana sura.

Ndani ya shimo mara nyingi kuna karatasi iliyokunjwa, wenyewe huiita yizhi. Inaanza na mahali: mkoa, wilaya, hadi kijiji. Halafu jina la mwenye nyumba, mkewe na watoto. Kisha sanamu ni ya nani, na imechongwa kwa haja gani: mtu anaumwa, mifugo inakufa, nyumba inataka amani. Mwishoni jina la fundi na tarehe. Ndiyo maana nawasihi, msikimbilie kuandika "babu" kwenye kadi. Anaweza kuwa babu kweli, anaweza kuwa mganga aliyeifundisha familia kazi yake, au mungu wa eneo. Na akiwa babu aliyekuwa mganga? Andika yote mawili.

Mimi niliadhirika kwa Zhang Wulang, mungu wa wawindaji wa huko. Nilimsimamisha kwa miguu, nikampiga picha, nikaona kazi safi. Mzee wa chumba cha pili alipita, akacheka, akampindua bila kusema neno. Zhang Wulang husimama kwa mikono, kichwa chini, miguu juu.

Tarehe nazo zitakutesa. Karatasi huhesabu miaka ya utawala wa mfalme: mwaka wa kwanza wa mfalme Guangxu ni 1875, kwa hiyo mwaka wa 10 ni 1884, si 1885. Mwaka wa kwanza nao unahesabiwa. Karatasi ikitaja peke yake jina la mwaka katika mzunguko wa kalenda ya Kichina, kumbuka mzunguko ni wa miaka 60 na majina hurudi: mwaka uitwao jiazi ni 1864, na ni 1924 vilevile. Usichague kwa kubahatisha. Andika zote mbili, kisha tafuta jina la fundi huyohuyo kwenye sanamu nyingine yenye tarehe kamili.

Pamoja na karatasi kuna majani makavu ya dawa, pengine na sarafu. Ukiona vumbi la majani mezani usilipulize wala kulifagia. Kwa walioichonga, hivyo ni viungo vya tumboni. Sanamu ilijazwa, ikafanyiwa ibada ya kaiguang, yaani kufungua nuru, macho yakatiwa nukta. Kabla ya hapo ilikuwa gogo tu. Vumbi litie kwenye bahasha yenye namba ya sanamu. Karatasi ikiwa ngumu iache ilivyokunjwa, umwite fundi wa karatasi.

Utakutana na nyingi zenye shimo tupu. Madhabahu mengi yalivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, kati ya 1966 na 1976, na baadaye sanamu zilipoanza kuuzwa kwa wakusanyaji, karatasi zilichomolewa au zikapotea njiani. Hapo andika "shimo tupu" na usiibunie ukoo. Ila kabla hujarudisha kizibo, nusa. Iliyochongwa kwa mkafuri bado inanukia karafuu maiti, harufu ileile tunayoijua kwenye sanda za kwetu pwani. Hiyo pia iandike kwenye kadi, kwenye mstari wa aina ya mti.