Jibu: Asali iliyoganda, imechakachuliwa?

Salama mkuu. Unasema asali uliyonunua Tabora mjini imeganda nusu chupa, na jirani anadai ina sukari. Kuganda peke yake si ushahidi. Asali halisi ina glukosi nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kubeba, hivyo hujitenga ikawa chembechembe, hasa baridi ya Juni na Julai ikiingia. Hata yangu ya mizinga ya Sikonge huganda.

Kwanza inuse. Ikiwa na povu na harufu ya uchachu, ina maji mengi. Hiyo ndiyo ya kuhofia. Kama haina, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Usichemshe, utaua harufu yake. Na kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuona kama itawaka, achana nacho: shira nzito ya sukari inapita vizuri tu, kuigundua ni kazi ya maabara.