Lami ndani ya lupango: maswali yenu ya kiangazi hiki

Tangu mwezi wa nane barua zimefika nyingi, na karibu zote zinarudia hofu moja: njia ya gari ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba chenye ukuta) ikitiwa lami, gudroni kama tunavyosema mtaani, je, itavumilia jua? Nimechagua chache. Wengi wenu mko hapa Lubumbashi, kwa hiyo najibu kwa udongo wa hapa na mvua ya hapa.

*Baba fundi, jambo. Mwaka jana mwezi wa sita tulitia lami kutoka geti mpaka garaji. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa imepasuka kama ngozi ya mamba, katikati imebonyea. Fundi anasema ni jua la Oktoba. Ni kweli?* (Mama wa Bel-Air)

Hapana, mama. Jua la Oktoba ni kali, lakini nyuzi 32 au 33 za hewa haziwezi kupasua lami changa ndani ya miezi sita. Jua huanzia juu, tena polepole: lami inageuka kijivu, inakauka, inaanza kuachia vijiwe, na hiyo ni kazi ya miaka. Maji huanzia chini, na msimu mmoja unayatosha. Lami ikikatika vipande vidogo kama ngozi ya mamba, ujue chini yake kuna kitu kinachocheza kila gari linapopita.

Niliwahi kuitwa kwenye lupango yenye shida kama yako. Nilipiga sululu pembeni mwa ufa. Lami ilikuwa na unene wa kidole changu, haikufika hata sentimita mbili. Chini yake sikuona kokoto hata moja. Ulikuwa udongo wa kichuguu, mwekundu, umelewa maji kama bukari (ugali) isiyoiva. Niliukamata mkononi, ukapita katikati ya vidole.

Udongo wa kichuguu tunaupenda kwa matofali kwa sababu una mfinyanzi mwingi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayouharibu chini ya gari: ukilowa unavimba, ukikauka unajikunyata, na lami iliyo juu haina namna ya kufuata mchezo huo. Na kama kichuguu chenyewe kilisimama hapo kabla ya nyumba, kukisawazisha kwa juu hakutoshi. Chimbeni mpaka mwisho wake, maana ndani kuna vyumba na njia za mchwa, na siku moja gurudumu litazama.

Kuna kosa lingine, na hili tunalifanya sana kwa sababu tunajenga kiangazi: tunashindilia vumbi. Udongo mkavu haushikani, hata mashine ikipita juu yake kutwa nzima. Unaonekana mgumu mwezi wa sita, kisha mvua ya kwanza ya Novemba inaushusha. Kabla mashine haijawashwa, mwambie fundi achote udongo konzi moja, akaze ngumi, halafu afungue. Ukibaki donge, na donge likivunjika vipande viwili bila kulowesha kiganja, maji yanatosha. Ukimwagika kama unga, nyunyizeni maji na mchanganye. Ukinata mkononi, ngojeni upunguze maji.

Kwa ile yenu, mama, msikubali kupakwa lami mpya juu ya ya zamani. Itapasuka palepale. Toeni yote, chimbeni sentimita 25 hivi kwenda chini, ondoeni udongo laini, kisha mjaze laterite nzuri (udongo mwekundu wenye vijiwe) na kokoto zilizovunjwa kwa mashine, kwa tabaka za sentimita 10 mpaka 15, kila tabaka ikishindiliwa peke yake. Tabaka hizo mbili zikifika sentimita 20 baada ya kushindiliwa, ndipo lami ije. Najua ni gharama mara ya pili, na inaniuma kuwaambia hivyo, lakini pesa ya njia ya gari inapaswa kuzikwa chini, mahali ambapo mgeni hataiona.

*Yaya, kaka yangu anaishi Phoenix, Marekani, kwenye jangwa kabisa. Anasema kuna nyumba huko zenye njia za lami, na hazina shida. Wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi?* (Kijana wa Katuba)

Kaka yako anasema kweli, na joto la kwao si la mchezo. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la hewa lilifika nyuzi 43 au zaidi. Hewa ikiwa hivyo, uso wa lami nyeusi juani unaweza kupita nyuzi 70. Kila majira ya joto hospitali za huko hupokea watu waliounguzwa na barabara yenyewe: mzee aliyeanguka akashindwa kuinuka, mtoto aliyetoka nje bila viatu.

Wanachofanya kwanza ni kuchagua gundi ngumu. Lami ni mawe yaliyogandishwa kwa bitumi, na bitumi zina namba. Huko namba inasema moja kwa moja joto la barabara ambalo gundi itavumilia: wanaagiza 70, na kwenye barabara za magari mazito 76. Sisi tunaofuata vipimo vya Kifaransa tunasoma namba nyingine, na inasomwa kinyume. Sindano yenye uzito wa gramu 100 inaachwa ichome bitumi kwa sekunde 5, kwenye joto la nyuzi 25. Ikiingia kati ya milimita 3.5 na 5, hiyo ni 35/50. Ikiingia kati ya 5 na 7, ni 50/70. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo gundi ngumu. Kwa gari dogo hapa Lubumbashi 50/70 inatosha, na 35/50 ni nzuri zaidi mahali ambapo gari linasimama juani mchana kutwa. Ukiletewa 80/100, ikatae.

Jambo la pili ni mawe. Kokoto za mtoni ni za mviringo, zinateleza moja juu ya nyingine, na joto likilainisha gundi magurudumu yanachora mifereji. Mawe yaliyovunjwa yana pembe, na pembe zinashikana hata gundi ikilegea. Shika konzi ya kokoto kabla ya kulipa lori: zikikuchoma kiganja, ni nzuri.

Tena huko jangwani, wakati wa joto, mafundi wanaanza kazi kabla ya mapambazuko, kwa ajili ya kulinda watu na pia lami, ambayo mchana inachelewa mno kupoa na inaendelea kusukumika chini ya mashine.

Lakini mwambie kaka yako asitulinganishe haraka. Mvua ya Phoenix kwa mwaka mzima ni milimita 200 hivi. Sisi tunapata kama 1,200. Mwezi mmoja wa Januari hapa unaweza kutuletea maji kuliko mwaka wao wote. Wao adui wao ni jua. Sisi jua tunalo, na maji tunayo juu yake, kwa hiyo gundi ya Phoenix juu ya udongo usio na mtelemko haitakuokoa.

*Mtelemko uwe kiasi gani?* (Baba wa Kamalondo)

Sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea nje ya nyumba. Njia ya mita 15 inashuka sentimita 30 kutoka garaji hadi geti. Kama lupango yako inashuka kuelekea nyumba, maji lazima yakatwe kwa mfereji mbele ya garaji. Mwaga ndoo ya maji juu ya kokoto zilizoshindiliwa, kabla ya lami, uangalie yanakwenda wapi. Dimbwi utakaloliona siku hiyo utaliona tena kila mwaka.

*Tufanye mwezi gani?* (Mama wa Golf)

Kati ya mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa kumi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni baridi sana, kwa hiyo ngojeni mpaka saa nne, jua liwe limegusa ardhi. Lami inatoka kiwandani ikiwa na nyuzi 150 au 160, na kushindilia kunapaswa kuisha kabla haijashuka chini ya 90 hivi. Ikimwagwa kwenye ardhi ya baridi na upepo, tena ikiwa nyembamba, dakika zinaisha upesi. Lori likichelewa njiani, chomeka kipimajoto ndani ya lundo. Hakuna kipimajoto? Ukiona lami inatoka kwa mabonge magumu yanayokataa kutawanyika kwa reki, irudishwe. Ni vigumu kurudisha lori, najua, lakini lami iliyolazwa baridi inabaki na matundu, na matundu ni milango ya maji.

*Njia yangu ina mita 4 kwa 15. Niagize tani ngapi?* (Msomaji wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)

Hiyo ni mita 60 za mraba. Kwa unene wa sentimita 5 baada ya kushindiliwa unapata mita 3 za ujazo, na mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina tani 2.3 mpaka 2.4. Agiza tani 7 na nusu, ili usiishiwe mbele ya geti. Ikilazwa, kabla ya mashine, iwe na sentimita 6 na zaidi kidogo, maana itashuka. Kama lori la maji au la mchanga litakuwa linaingia, weka sentimita 7 au 8. Na usisahau mawe ya pembeni: lami isiyo na kizuizi ubavuni inavunjika kama ukingo wa mkate.

*Fundi wetu anapika bitumi ndani ya pipa nyuma ya nyumba, kwa kuni. Watoto wanapenda kuangalia. Kuna hatari?* (Mama wa Ruashi)

Mama, waondoe watoto leo. Si kesho.

Pipa likiwa na maji kidogo tu chini, labda umande wa usiku, bitumi ikipanda moto maji hayo yanageuka mvuke kwa ghafla, na pipa linatapika povu la moto mpaka nje. Nikiwa kijana, kwenye shantie (kazi ya ujenzi) yangu ya kwanza, mwenzangu alisimama karibu mno asubuhi moja. Alinusurika, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Tangu hapo silali nikisikia pipa liko karibu na watoto.

Bitumi ikimrukia mtu, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, na msibandue. Ngozi itatoka nayo. Msifute kwa mazutu (dizeli) wala petroli. Mpelekeni hospitali, na kama bitumi imezunguka kidole au mkono mzima, waambieni waganga mara moja, kwa sababu inapoganda inabana na kuzuia damu.

Pia kwa kazi yenyewe pipa la kuni ni baya, kwa sababu hakuna anayejua joto lake. Ikipita nyuzi 180 inaanza kuungua, unaona moshi wa rangi ya buluu, na gundi iliyoungua inazeeka kabla haijalazwa. Halafu fundi anaona imekuwa nzito, anaongeza mazutu, na hapo lami haitakauka sawasawa.

*Kuna mtu anauza mabaki meusi ya kiwanda cha madini, bei ni nusu ya kokoto. Nitandike chini ya lami?* (Baba wa Katuba)

Usinunue. Mabaki hayo yanaweza kuwa na madini ya risasi (plomb) na kobalti, na mahali pa kwanza mtoto anapochezea ni pale mbele ya garaji. Vumbi lake linaingia mikononi, kisha mdomoni. Kokoto ya mawe safi, hata kama utasubiri mwezi mmoja zaidi.

*Tulimaliza Jumamosi. Gari liingie lini? Na fundi anataka kurudi wiki ijayo kupaka dawa nyeusi juu.* (Mama wa Makomeno)

Kwa joto hili la sasa, ngojeni siku 5, na 7 ni bora. Kwa wiki za mwanzo gari lisisimame mahali pamoja kila siku, na dereva asizungushe usukani gari likiwa limesimama: gurudumu linakwaruza uso na kuacha duara. Pikipiki ni mbaya kuliko gari, kwa sababu chuma chake cha kuegemea kinabeba uzito wote kwenye ncha moja. Niliona lupango mpya kabisa yenye matundu 14, mstari mmoja kando ya ukuta, kila moja na upana wa sarafu, na kila moja limejaa maji. Kipande cha ubao chini ya chuma kinatosha. Mchana ukiwa mkali na lami inanata kwenye viatu, nyunyizeni maji, itapoa.

Angalieni pia gari linalovuja mazutu au oili. Bitumi yenyewe imetoka kwenye mafuta ghafi, kwa hiyo mafuta yanaiyeyusha. Doa likitokea, mwageni mchanga linyonywe, kisha osheni kwa sabuni.

Kuhusu dawa nyeusi, mwambieni fundi asante, arudi mwakani. Lami changa bado inaendelea kukauka, na ikifunikwa mapema inabaki laini. Ikishageuka kutoka nyeusi kuwa ya kijivu ndipo ipakwe, baada ya nyufa kuzibwa, tena kiangazi. Baadaye kila miaka 3 mpaka 5 inatosha.