Mbwa Akianguka Kifafa, Usikimbilie Rungu

Msomaji wa Mbale ameniandikia kwamba mbwa wake ameanguka mara mbili mwezi huu, akatoa povu, na majirani wanamwambia amuue. Maneno hayo nayajua. Niliambiwa mimi hapa Walukuba, Jinja, kuhusu mbwa wangu, Duma.

Duma alianza akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Alikuwa amelala, mara akakakamaa, miguu ikapiga hewa kama anayeogelea, mate yakamtoka, akajikojolea. Ikaisha upesi. Akainuka akawa anazunguka na kugonga kuta, haoni vizuri, kisha akataka chakula. Watu wakapiga kelele: kichaa! Mzee mmoja ninayemheshimu akaniita mpumbavu mbele ya wanangu kwa sababu nilikataa Duma auawe. Jambo hilo bado linaniuma.

Ndugu zangu, mbwa mwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa ule unaoambukizwa kwa kuumwa, haanguki asubuhi akala vizuri jioni. Tabia yake hugeuka, kumeza humshinda, hupooza, na kwa siku chache hufa. Wa kifafa huzinduka akawa mbwa yule yule hadi atakapoanguka tena. Lakini kichaa kipo Uganda, kwa hiyo mbwa asiye na chanjo usimguse ukaanza kubahatisha. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Mimi niliweza kubishana na mtaa mzima kwa sababu kadi ya chanjo ya Duma ilikuwa mkononi.

Daktari wa mifugo hakukimbilia dawa. Aliuliza kama Duma amekula sumu ya panya, kama ameoshwa kwa dawa ya kupe, akapima damu aone sukari, ini na figo. Vyote vilikuwa sawa. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza mara nyingi mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6, na katika mbwa wengi hurithiwa. Ndiyo maana Duma alihasiwa, ingawa waliotaka watoto wake walikuwa wengi.

Akaandikiwa fenobabitali, dawa ile ile ambayo binadamu wenye kifafa wameitumia tangu 1912. Muuza dawa mmoja alinifukuza akisema dawa za watu hazipewi mbwa. Nikarudi na barua ya daktari, akanipa. Siku za mwanzo Duma alipepesuka, akanywa maji mengi, njaa haikuisha. Dawa huchukua wiki mbili hivi kutulia mwilini, basi usikate tamaa siku ya tatu. Leo Duma anaanguka kwa nadra sana, na wale waliopiga kelele wanamwita kwa jina.

Akianguka, ondoa viti na mawe karibu naye, zima redio, tazama saa. Usitie mkono wala kijiko mdomoni, mbwa hamezi ulimi wake. Usimmiminie maziwa wala mafuta, yataingia mapafuni. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka mara mbili na zaidi kwa siku moja, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Mrekodi kwa simu pia. Daktari akiiona video ataelewa kuliko maelezo yako yote.

Na dawa ni kila saa 12, kila siku. Hapa ndipo wengi wetu wanaponiudhi: mbwa akikaa vizuri miezi kadhaa, mtu anaacha vidonge kuokoa shilingi, kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo na mbwa anaweza kufa. Kupunguza ni kazi ya daktari, polepole, huku damu ikipimwa kwa ajili ya ini. Ukisafiri kijijini kwa Idi au Krismasi, mwachie mtu unayemwamini vidonge vilivyohesabiwa na saa ya kuvitoa, umpigie simu asubuhi na jioni.