Kabla hujafunga kiroba cha taka, soma hii

Mi nilihamia Dodoma 2017, kile kipindi watumishi tunamiminika huku baada ya serikali kutangaza kuhama 2016, nyumba za Area C na Kisasa hazishikiki, nikaangukia Nkuhungu chumba na sebule. Ungeniuliza siku zile nani anaendesha mji huu ningekutajia mawaziri.

Sasa, 2018 Dodoma imetangazwa jiji mwezi wa nne, miezi michache baadaye glasi zangu tatu zikadondoka jikoni. Nikafagia vipande, nikavitia kwenye kiroba pamoja na maganda ya ndizi na makombo ya ugali, nikakaza mdomo, nikakiweka getini. Gari la taka likaja. Wale vijana hawabebi kwa ncha za vidole kama sisi, wanakikumbatia kiroba kifuani ndo wanarusha juu. Akakikumbatia. Glavu alikuwa nayo moja tu, ya kushoto, kioo kikamwingia mkono wa kulia chini ya kidole gumba, damu mpaka kwenye ndala. Nikatoka mbio na spiriti nikijua leo natukanwa, jamaa akaniangalia tu, "Bosi, siku nyingine weka kwenye boksi." Akafunga kitambaa akadandia gari, maana raundi ikichelewa wanakatwa hela.

Aisee niliona aibu.

Kwa hiyo ndugu yangu, vioo, viwembe, na sindano kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, tia kwenye kopo la rangi au dumu gumu, funga, andika juu kwa makapeni. Majivu ya jiko la mkaa yamwagie maji kwanza, kaa moja lililo hai na huu upepo wa Dodoma wa Juni hadi Agosti linatosha kuwasha mzigo mzima. Pampasi zifungie mfuko wake. Na kiroba usikishindilie mpaka wewe mwenyewe unashindwa kukiburuta halafu unamwachia mwenzio, gawa viwe viwili. Hela ya taka lipa, hayo mambo ya kumtuma mtoto aseme baba hayupo wakati viatu viko mlangoni, mi nimeyafanya, najua.

Kuna na mama anayefagia barabara yetu, alfajiri keshafika, kitenge kakizungushia puani. Nilikuwa nampita na pikipiki mwendo mkali, fungu la mchanga alilokusanya natawanya lote nyuma yangu, wala sigeuki. Siku moja nikasimama, shikamoo mama, tukaongea. Kumbe ule mchanga wa pembeni ya lami asipouondoa kiangazi unaishia mtaroni, na huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, zikija zinakuja kwa hasira, mtaro ukiziba maji yanaingia madukani halafu tunailaumu lami. Punguza mwendo ukiona fungu. Na mifuko ya karanga usitupe mtaroni, anaiokota kwa mkono.

Yule kijana bado yuko kwenye gari. Huwa namtolea maji ya kunywa, tunataniana Simba na Yanga, ila kiroba changu mpaka leo anakigusa kwanza kwa mguu kabla hajakikumbatia.