Miti ndani ya shamba la mahindi

Swali: Shamba langu halifiki hekta moja. Nikipanda miti kati ya mahindi ili nipate kuni na malisho ya mbuzi, je, mavuno hayatapungua?

Jibu: Yatapungua, ndugu msomaji, ukiiacha miti ikue itakavyo, kwa kuwa kivuli na mizizi yake vitayanyima mahindi mwanga na maji. Kwa haja zako ningechagua mti uitwao glirisidia, ambao hutoa kuni nzuri, huongeza naitrojeni (kirutubisho cha mimea) udongoni kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake, na huchipua tena kila inapokatwa. Ikate kimo cha goti kabla ya kupanda mahindi, ufukie majani mabichi, kisha upogoe machipukizi kila yanapoanza kutia kivuli. Majani utakayowapa mbuzi hayatarutubisha shamba, hivyo rudisha samadi yao. Mbuzi wasioizoea huikataa kwa harufu yake (na mbuzi akikataa, amekataa). Yaache majani yanyauke kwanza, uyachanganye na nyasi. Mvua ikiwa haba, usiiweke glirisidia kati ya mistari ya mahindi hata kidogo, bali ipande mpakani iwe ua ulio hai. Vipandikizi, yaani vipande vya matawi yaliyokomaa, huota hapo mpakani bila kuhitaji kitalu.