Madogo wa drami, njooni hapa kwanza

Jana nimekaa mazoezini namsikiliza dogo mmoja anapiga afrobeat, yaani kila baa nne anarusha fili (mapigo ya kujazia nafasi) kama anafukuza kuku kwenye mpunga. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye. Naandika kwa sababu koo la kuwagombeza kila wiki sina tena.

1. Afrobeat siyo ile yenye s mwishoni. Ile ya kina Wizkid inaweza kutembea na lupu ya laptopu, sina neno, na mimi naicheza harusini. Hii nyingine mnayoiharibu wameijenga Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, na mpiga drami wake Tony Allen, mtoto wa Lagos wa 1940, aliyeshika stiki ana miaka 18 huku mkate wake ni ufundi kwenye kituo cha redio. Kwa hiyo yule anayeniambia "bro niko bize na kazi" akae mbali na mimi.

2. Haihati, zile simbali mbili za mguu wa kushoto. Wenzake Tony wengi Nigeria enzi zile walikuwa nayo imekaa tu kama sufuria ya wageni, yeye akasoma makala ya Max Roach, mpiga drami wa jazi, kwenye jarida la Down Beat akaenda kuifanyia kazi. Makala tu! Nyie mna YouTube nzima mfukoni na mguu wa kushoto bado umelala.

3. Msijaze kila tundu. Hapa nikae kidogo maana hili lilinitoa machozi. Nilikuwa na miezi minne kwenye bendi ya hoteli, najiona nimeiva, usiku mmoja tukaitiwa namba ya Fela, zile za dakika kumi na kitu. Nikaianza mbio. Dakika ya tano mkono wa kulia umekakamaa, na mimi kuficha aibu nikaanza kupiga kelele, roli hapa, simbali pale, mzee wa besi akaacha kupiga, nikadhani waya wake umekatika basi nikaongeza fili ili kumsaidia! Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu. Kumbe wanampigia yeye, ameshuka stejini taratibu ameenda kaunta, ameagiza soda, amegeuza kiti ananitazama. Gitaa la ridhimu nalo likakata. Nimebaki peke yangu na mwimbaji, na mwimbaji naye akasema "asanteni, tunapumzika kidogo", saa tatu na nusu usiku, tumeanza saa tatu.

Nikamfuata. Shikamoo mzee. Marahaba, umemaliza kuongea? Nikasema nimemaliza. Akasema basi kesho na sisi tutaongea.

Kesho yake tukafungiana wawili, pateni (mpigo) ile ile dakika arobaini, nikitia fili moja tunaanza upya. Tulianza upya mara tisa. Ya tisa ilikuwa dakika ya thelathini na nane, jamani, na hakucheka.

Ndipo nikaanza kumsikia Tony Allen kwa masikio mengine. Fela alikuwa anampangia kila mtu kwenye bendi apige nini, drami tu ndiyo alimwachia mwenyewe. Mngepewa uhuru huo nyie (mimi pia) mngevunja jukwaa. Yeye viungo vinne vinasema mambo manne, hakuna anayemkatiza mwenzake, na besi ina pa kukaa.

4. Mto wa kulalia. Tony na Fela walipokwenda Marekani 1969, mpiga drami wa jazi wa Los Angeles, Frank Butler, alimpa zoezi la kupiga stiki kwenye mto kila asubuhi, kwa sababu mto haukurudishii stiki, unainua mwenyewe.

5. Hela mkubaliane kabla ya saundicheki. Tony alianza na Fela 1964 kwenye bendi ya Koola Lobitos, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 70 akiwa nguzo ya bendi yao ya Africa 70, na malipo yalikuwemo kwenye ugomvi.

6. Acheni kuniambia mmezeeka na miaka 27 yenu. Huyu mzee Tony albamu ya The Source ameitoa kwa lebo ya Blue Note 2017 ana miaka 77, na amekufa Paris 2020 bado yuko kazini.

Jumamosi saa nne kamili, siyo saa nne ya bongo. Stiki, soksi za kubadilisha. Na wewe dogo wa kuku unajijua, njoo na mto wako, wa kwangu naulalia.